Mali ikipanda ukutani: Hesabu ya mwenye gereji na mwenye stoo Sumbawanga

WAFANYABIASHARA wa vipuri, betri, matairi na oili mjini Sumbawanga wanazidi kupandisha mali ukutani. Sababu ni rahisi kuielewa. Kodi ya fremu au banda la gereji inalipwa kila mwezi, ijae au isijae, na mita moja ya sakafu iliyokaliwa na betri ni mita isiyoingia gari la mteja. Ukuta upo, hauongezwi kodi, na ukiutazama unaonekana hauna kazi.

Kwa hesabu ya nafasi, wazo hilo ni zuri. Ila hesabu ya nafasi si hesabu ya uzito, na wengi hufanya ya kwanza tu. Fundi huitwa, mashimo manane yanatobolewa kabla ya saa sita mchana, shelfu inapakwa rangi, mali inapangwa. Hakuna aliyeuliza nyuma ya lipu kuna nini.

Suala hili lina uzito zaidi leo kuliko lilivyokuwa zamani kwa sababu gereji za Rukwa zimebadilika. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, ya kilometa zipatazo 224, ilijengwa kwa lami katika mpango wa Marekani wa Shirika la Changamoto za Milenia ulioanza mwaka 2008. Lami za kwenda Matai na bandari ya Kasanga, na ile ya kwenda Mpanda, zikafuata. Magari makubwa yanayokuja kubeba mahindi ya Ufipa baada ya mavuno yanahitaji matairi, betri, springi na mafuta ya injini papo hapo, si kuagiza Mbeya na kusubiri. Mwenye duka aliyekuwa na betri mbili za pikapu sasa anaweka kumi za lori. Mali imekua; ukuta ni uleule.

Tuanze na uzito wenyewe, kwa sababu watu hukadiria kwa macho na macho hudanganya. Betri kubwa ya lori ina kilo kati ya 40 na 60. Tairi la lori likiwa na rimu yake linakaribia kilo 100. Pipa la oili la lita 200 likiwa limejaa linakaribia kilo 200 pamoja na bati lake. Tangi la maji la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, bila kuhesabu tangi lenyewe. Sasa chukua shelfu moja ya mita tatu, panga betri kumi za lori za kilo 50 kila moja: umetundika nusu tani. Ni sawa na magunia matano ya mahindi ya kilo 100, tena yakiwa hewani, juu ya kichwa cha kijana anayefungua nati chini yake.

Ukuta wenyewe ni wa nini?

Neno "ukuta wa zege" linatumika ovyo. Kuta nyingi zinazoitwa hivyo si zege. Zege ni saruji, mchanga, kokoto na maji, na mara nyingi kuna nondo ndani. Katika jengo la kawaida la biashara, zege la kweli limo kwenye nguzo, kwenye lenta inayozunguka juu ya milango na madirisha, na kwenye msingi. Sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa, ni matofali: ya saruji au ya kuchoma. Juu yake inapigwa lipu ya sentimita moja na nusu au mbili, kisha rangi, na baada ya hapo kila kitu kinafanana.

Tofali la saruji nalo lina asili yake. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unaweza kutoa matofali machache yenye nguvu au mengi yasiyo na nguvu, na mpigaji tofali mwenye haraka ya faida anajua atachagua nini. Tofali lililokaushwa juani bila kumwagiwa maji siku za mwanzo huwa dhaifu hata kama saruji ilitosha, kwa kuwa saruji hukomaa kwa unyevu, na nguvu yake hupimwa kwa kawaida baada ya siku 28. Kipupwe cha uwanda wa Ufipa, ulio kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari, kina upepo mkavu. Tofali lililofyatuliwa Julai na kuachwa wazi hukauka kabla halijakomaa.

Namna ya kuutambua ukuta haihitaji mtaalamu wa maabara. Toboa shimo moja dogo la majaribio, biti ya milimita 6, mahali ambapo shelfu itapaficha, na utazame vumbi. Lipu itatoka kwanza, vumbi jeupe au la kijivu la mchanga mlaini. Baada ya hapo, vumbi likigeuka jekundu, huo ni ukuta wa matofali ya kuchoma. Likibaki la kijivu na biti ikazama haraka kama inaingia kwenye udongo mkavu, ni tofali la saruji lenye saruji kidogo. Biti ikitumbukia ghafla, tofali lina tundu ndani. Na drili ikianza kulia, ikikwama na kusonga kwa taabu ikitoa unga mlaini kama wa saruji, hapo umekutana na zege lenye kokoto. Ikigonga kitu kisichokubali kabisa na vumbi likaonyesha chembe zinazong'aa, ni nondo. Usilazimishe, sogeza shimo sentimita chache, maana nondo hiyo ndiyo inayoshika jengo.

Kazi hii ya dakika kumi ndiyo inayorukwa mara nyingi. Huu ni uwanda ambao wazee wake waliyeyusha chuma kwenye tanuru ndefu za udongo zinazoitwa malungu, na wanaojua kuunga chuma hawakosekani Sumbawanga hadi leo. Shelfu zinazochomelewa mjini ni imara. Kinachokosekana ni kuupima ukuta kwa makini yaleyale yanayotumika kupima chuma.

Kwa nini bolti ya juu ndiyo hung'oka

Wenye mali wengi huamini kwamba uzito unakwenda chini tu, kwa hiyo bolti nene inatosha. Shelfu iliyotoka nje ya ukuta haifanyi hivyo. Breketi, yaani ule mkono wa chuma unaobeba ubao, hufanya kazi kama mtarimbo: mzigo ulio mbele unabonyeza chini, mguu wa chini wa breketi unasukuma ukuta, na bolti ya juu inavutwa nje. Kuvutwa nje ndiko ambako tofali na zege hupatwa na udhaifu. Zege linavumilia kubanwa. Kuvutwa linavumilia takriban sehemu moja tu ya kumi ya hapo.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua uzito unaobebwa na breketi moja, zidisha kwa umbali kutoka ukutani hadi katikati ya mzigo, kisha gawanya kwa urefu kati ya bolti ya juu na mguu wa chini wa breketi. Ile shelfu yetu ya kilo 500 ikiwa na breketi nne, kila moja inabeba kama kilo 125. Katikati ya mzigo iwe sentimita 30 kutoka ukutani. Breketi yenye kimo cha sentimita 30 inavuta bolti ya juu kwa nguvu ya kilo 125. Breketi fupi ya sentimita 15, ile nzuri ya kupendeza inayouzwa tayari, inavuta kwa kilo 250. Kijana wa duka akisogeza betri mbele ili namba zionekane, na katikati ya mzigo ikawa sentimita 45, breketi hiyo fupi inavuta kwa kilo 375. Mali ni ileile na bolti ni ileile, ila nguvu imezidi mara tatu kwa sababu ya kimo cha chuma na mpangilio wa bidhaa.

Na hapo tumechukulia kwamba breketi zote nne zinagawana sawa. Hazigawani sawa: za katikati hubeba zaidi kuliko za pembeni. Kwa hiyo anayejenga kwa hesabu iliyofika kikomo tayari amepungukiwa.

Kuna pia mzigo wa kushtukiza. Wanunuzi wa mahindi wanaotundika mizani ya kuning'iniza kwenye mkono wa chuma uliofungwa ukutani wanajua kwamba gunia ni kilo 100. Lakini gunia likiachiliwa kwa ghafla kwenye ndoano, hata bila kudondoka kutoka juu, mkono ule huhisi mara mbili ya uzito huo kwa sekunde hiyo. Magunia hamsini kwa siku ni mishtuko hamsini. Bolti iliyoshika vizuri Mei inaweza kuanza kucheza Agosti. Jiliwa, mashine ya kunolea na kompresa zina tabia hiyohiyo kwa njia ya mtetemo. Vitu hivyo vifungwe kwenye meza nzito au sakafuni, si ukutani.

Winchi ya mnyororo ya kuinulia injini tusiipotezee muda. Isifungwe ukutani kabisa, wala kwenye mbao za paa. Injini ya lori inaweza kukaribia tani moja. Iwekwe kwenye fremu ya chuma yenye miguu inayosimama chini yenyewe.

Kushika ukuta

Ushauri wa kwanza wa ukurasa huu ni kuacha kutundika. Mwambie fundi ashushe miguu. Shelfu yenye nguzo za chuma zinazofika sakafuni hupeleka uzito wote chini, na bolti za ukutani zinabaki na kazi moja ndogo ya kuizuia isianguke mbele. Kwa kazi hiyo hata ukuta wa tofali la wastani unafaa. Chuma kinachoongezeka ni mita chache tu kwa kila nguzo, na sakafu haipotei, kwa kuwa chini ya shelfu hapakuwa na gari litakaloegeshwa. Chini ya kila mguu weka kipande cha bamba, maana sakafu nyingi za mabanda ni tabaka jembamba la saruji juu ya udongo ulioshindiliwa, na mguu mtupu huitoboa.

Pale ambapo miguu haiwezekani kabisa, ukuta uchaguliwe kwa utaratibu huu: kwanza nguzo na lenta, kisha tofali zima la saruji lililo imara, na mwisho tofali la kuchoma. Usifunge kwenye ungio la saruji kati ya tofali na tofali. Usifunge karibu na kona wala ukingo wa dirisha.

Kwa zege la kweli, bolti za kutanuka zinafaa. Hizi ni zile zenye ganda linalopanuka na kubana ukuta kadiri unavyokaza nati. Kwa bolti ya milimita 12, kina cha sentimita 8 ndani ya zege ni kipimo cha kuanzia, na lipu haihesabiwi kwenye kina hicho. Kaa angalau sentimita 12 kutoka ukingo wa zege, na umbali kama huo kati ya bolti na bolti, kwa sababu zikikaribiana zinapasua zege kwa pamoja. Shimo likishatobolewa, lipulizwe na kusuguliwa kwa brashi mpaka vumbi liishe. Vumbi lililobaki hufanya ganda liteleze, na mafundi wengi huliacha kwa sababu kupuliza kunachafua macho. Miwani ya kazi si bidhaa ya ghali.

Nati ikizunguka bila kukaza, shimo hilo limekufa. Lizibwe kwa saruji na litobolewe jingine mbali kidogo. Kuchomeka kijiti au kipande cha waya ili bolti ishike ni kuahirisha siku ya kuanguka tu.

Kwenye tofali dhaifu au la kuchoma, bolti ileile ya kutanuka ni adui. Inapopanuka hulipasua tofali kutoka ndani, na ufa hauonekani kwa sababu lipu inaufunika. Hapa njia ya kuaminika ni kutoboa ukuta wote hadi upande wa pili, kupitisha chuma chenye nyuzi, na kukibana kwa bamba la chuma la sentimita 15 kwa 15 upande wa nyuma. Bamba hugawa mvuto juu ya eneo kubwa badala ya kuuweka kwenye tundu moja. Upande wa nyuma ukiwa nje, bamba lipakwe rangi ya kuzuia kutu na kingo zizibwe, maana mvua za Novemba hadi Aprili zitatafuta njia. Upande wa nyuma ukiwa ni fremu ya jirani, zungumza na jirani kwanza. Ipo pia gundi maalumu ya kujazia mashimo, inayoshika chuma bila kukisukuma tofali, lakini inataka shimo safi kabisa na muda wa kukauka, na kwa baridi ya Juni na Julai muda huo huongezeka.

Plagi za plastiki na skrubu ni za saa ya ukutani, swichi na kabati jepesi la risiti. Misumari ya zege ni ya kamba ya umeme.

Kilo zilizoandikwa kwenye pakiti ya bolti zisichukuliwe kama ahadi kwa ukuta wako. Zimepimwa kwenye zege zuri, bolti ikivutwa polepole. Kwa mzigo wa kawaida wa duka, tumia robo ya namba iliyotajwa kama namba ya kuvunjikia. Kisha jaribu: kabla ya kupanga mali, pakia shelfu kwa mifuko ya mchanga hadi mara moja na nusu ya uzito unaotarajia, iache usiku mzima pasipo mtu chini yake, na asubuhi tazama kama breketi imeachana na lipu hata kwa unene wa karatasi.

Ardhi ya hapa

Kwa Sumbawanga kuna jambo ambalo kitabu cha fundi wa mahali pengine hakitalitaja. Mji huu uko pembezoni mwa Bonde la Ufa la Rukwa, na ufa wa Kanda unapita kwenye uwanda wa Ufipa. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo hili lilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika Mashariki. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea Ziwa Tanganyika na kuua watu upande wa Kongo. Wakati huo wa 1910 Ufipa haikuwa na kuta za saruji zilizobebeshwa betri za asidi.

Tetemeko dogo lisiloharibu nyumba linaweza kuteremsha mali ya shelfu nzima. Kwa hiyo vizito vikae chini na vyepesi juu, kinyume cha ilivyo kwenye maduka mengi ambako matairi hukaa juu kwa kuwa hayaibiwi kirahisi. Mbele ya kila shelfu pachomelewe ukingo wa chuma wa sentimita tano ili betri isiteleze. Mapipa yasimame sakafuni. Na nafasi iliyo juu ya mlango na juu ya meza ya mhasibu isiwe na kitu kizito, hata kama ndiyo iliyobaki wazi.

Upande wa hasara, fanya ulinganifu huu: bolti zote za shelfu moja, pamoja na mabamba yake, hazifikii bei ya betri moja mpya ya lori. Juu ya mali iliyovunjika kuna mtu aliyeumia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi katika hali ya usalama, na gereji yenye vijana watatu haijasamehewa. Anayetegemea bima asome mkataba wake neno kwa neno. Bima ya moto ni ya moto, na shelfu iliyong'oka haikuungua.

Mpangaji ana swali la ziada. Kitu kilichofungwa imara kwenye jengo kinaweza kudaiwa na mwenye jengo kuwa sehemu ya jengo lake. Kabla ya kutoboa, pata ruhusa kwa maandishi, na maandishi hayo yataje mambo mawili: kwamba shelfu ni mali ya mpangaji, na nani ataziba mashimo siku ya kuhama. Karatasi moja yenye sahihi mbili imewahi kuokoa chuma chenye thamani kuliko kodi ya miezi kadhaa.

Kwa mwekezaji anayejenga sasa fremu za kupangisha vipuri na gereji, kazi ni nyepesi zaidi kwa sababu ukuta bado haupo. Nguzo za zege zikiwekwa kila baada ya mita tatu badala ya kwenye kona peke yake, mpangaji atakuwa na mahali pa kufunga. Lenta ya pili inaweza kumwagwa kwenye usawa wa shelfu. Mabamba ya chuma yenye miguu ya nondo yafungwe ndani ya mbao kabla zege halijamwagwa, yakiacha uso wake nje ya ukuta, na mchomeleaji atakuja kuunga breketi juu yake baada ya siku 28.